"Formaliser": Neno la Kifaransa, Wachimbaji wa Kolwezi na Kiwanja cha Mama Yangu

Mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu mwenzangu wa Lubumbashi, ambaye tumefahamiana tangu tukiwa wanafunzi wa uzamivu, aliniletea kwa barua pepe waraka wa kurasa sita ulioandikwa kwa Kifaransa. Uliwahusu wachimbaji wadogo wa kobalti wa Kolwezi, wale ambao Wakongomani wenyewe huwaita creuseurs. Aliutaka katika Kiswahili kwa sababu iliyo wazi: wanaoandikiwa hawasomi Kifaransa cha ofisini, ilhali Kiswahili ndicho wanachokisema kutwa kucha shimoni. "Ndugu docta," aliniandikia, "Kiswahili changu ni cha Katanga, chenu ndicho cha vitabuni. Nisaidie." Nilikubali nikidhani ni kazi ya jioni mbili. Nikakwama kwenye kichwa cha waraka, ambacho kilisema: La formalisation de l'exploitation artisanale.

Msomaji wa Tanzania ataniuliza nilikwama wapi, kwa kuwa neno tunalo. Tunalitumia kila siku: urasimishaji. Tangu mwaka 2004 tuna Mkurabita, yaani Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania. Wakazi wa miji yetu wamesikia habari za urasimishaji wa makazi hadi wamechoka. Mimi nami niliandika neno hilo bila kufikiri, nikaendelea na ukurasa wa kwanza. Siku mbili baadaye rafiki yangu akanipigia simu. Alikuwa amewasomea watu wachache, na mmoja wao akauliza: "Huo urasimishaji ndio ule urasimu?"

Nilicheka. Kisha nikaona kwamba sina jibu la haraka.

Kwa hakika maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Tumeyachukua kutoka Kiarabu, katika mzizi unaobeba maana ya kuchora na kuacha alama. Kwa Waarabu rasm ni mchoro, na tangu kale ni pia ile alama inayobaki ardhini baada ya watu kung'oa mahema yao na kuhama. Kutoka hapo likaja rasmi, la serikali. Na wingi wake, rusum, leo humaanisha ada na tozo zinazolipwa ofisini. Kiswahili kikachukua mbegu hiyo kikaiotesha matawi yake chenyewe. Tuna rasmi. Tuna rasimu, yaani andiko lisilokamilika bado (na Watanzania tunajua kuwa rasimu inaweza kukaa miaka mingi bila kuwa rasmi, ile ya pili ya Tume ya Jaji Warioba ni ya Desemba 2013). Tuna urasimu, ambao hakuna anayeusifu. Halafu tuna kurasimisha, neno changa tulilolihitaji ili kutafsiri walichokuwa wakituambia wataalamu kutoka nje. Mchimbaji yule hakukosea. Alisikia katika neno kile ambacho lugha yenyewe imekiweka humo.

Nikaona ni heri nirudi kwenye Kifaransa, nione kama Wafaransa wenyewe wamesalimika.

Hawakusalimika. Kitenzi formaliser kina sura mbili ambazo mgeni wa lugha hiyo huzichanganya kwa urahisi, na mimi ni shahidi. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria warsha mjini Bujumbura. Mzee mmoja, profesa mstaafu, alichelewa kuja kunipokea, na alipofika akaniambia kwa upole, "Ne vous formalisez pas." Nilidhani ananiambia nisijiweke kirasmi mno. Nikavua koti na kulegeza tai. Akanitazama kwa mshangao, kisha akanieleza huku akitabasamu kwamba alikuwa akiniomba radhi. Se formaliser, likitumika kwa mtu mwenyewe, maana yake ni kukwazika, kuona umevunjiwa heshima kwa sababu utaratibu fulani wa adabu haukufuatwa. Matumizi hayo ni ya zamani. Kifaransa cha karne ya 16 kilikuwa nayo. Mtu hukwazika kwa kukosewa form, yaani umbo, namna ipasayo, hata kama hakuna dhara lolote lililotendeka.

Sura ya pili ni formaliser kitu: kukipa umbo, kukiweka katika kanuni na maandishi. Maana hii ilipata nguvu katika karne ya 20, hasa kwa wanahisabati na wanamantiki. Wanahisabati wa Kifaransa waliojificha nyuma ya jina la Nicolas Bourbaki walitaka kuijenga hisabati yote juu ya alama na kanuni chache zisizo na shaka. Walikiri wenyewe kwamba kuandika namba moja, ile ambayo mtoto wa chekechea huionyesha kwa kidole, kwa kufuata kanuni zao bila ufupisho wowote, kungehitaji makumi ya maelfu ya alama. Walikadiria kidogo mno. Mwaka 2002 mwanamantiki A. R. D. Mathias alichapisha hesabu yake, akapata alama 4,523,659,424,929. Zaidi ya trilioni nne, kwa ajili ya moja! Kila ninapopanga foleni nikiwa na nakala tatu za cheti kile kile, zilizothibitishwa na wakili, namkumbuka Mathias.

Wanahisabati, hata hivyo, wana unyenyekevu ambao serikali hazina. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusema kwamba namba moja haikuwepo kabla ya kuandikwa hivyo. Kwao, kurasimisha ni kueleza kwa ukali zaidi jambo ambalo tayari ni la kweli. Katika siasa za uchumi mambo yamegeuzwa. Kisichoandikwa huitwa informel, kisicho na umbo, na ni kana kwamba mtu wa serikali ndiye atakayekuja kukifinyanga.

Neno hilo informel nalo lina historia inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwanaanthropolojia Keith Hart, aliyekuwa ameishi na watu wa vibarua na biashara ndogo ndogo jijini Accra, ndiye aliyeanza kuzungumzia kipato cha aina hiyo mwaka 1971. Lakini lililolitembeza neno duniani ni taarifa ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972. Wataalamu walifika Kenya kutafuta watu wasio na kazi, wakakuta watu wanaofanya kazi kutwa nzima: mafundi bati, washonaji, wauza mboga, wachongaji. Wakahitaji jina la watu hao. Wakenya wana lao, na ni zuri kuliko yote: jua kali. Linaeleza mahali kazi inapofanyikia na bei ambayo mwili unalipa. Jina la wataalamu lilieleza kitu kimoja tu, kwamba watu hao hawamo katika daftari.

Na mtu asiyekuwa daftarini, kumbe, ndiye anayelaumiwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba zile sura mbili za kitenzi cha Kifaransa hukutana. Dola inayotaka kurasimisha mara nyingi ni dola iliyokwazika. Imemkuta mama lishe amepika, ameuza, amesomesha watoto wanne na kujenga chumba na sebule, yote hayo bila kuiomba ruhusa. Hajamdhuru mtu. Amekosa adabu tu.

Kwa Kongo suala hili si la kamusi. Sheria ya madini ya nchi hiyo ya Julai 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inasema kwamba mchimbaji mdogo achimbe ndani ya eneo lililotengwa kwa ajili hiyo, wanaloliita zone d'exploitation artisanale, na tangu marekebisho ya 2018 anapaswa kuwa mwanachama wa ushirika uliokubaliwa na serikali. Novemba 2018 kobalti ikatangazwa kuwa madini ya kimkakati. Mwaka uliofuata ikaundwa Entreprise Générale du Cobalt, chini ya Gécamines, ipewe haki ya peke yake ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo. Ukiyasoma makaratasi hayo utaona umbo kamili, en bonne et due forme, kama Wafaransa wanavyosema: ushirika upo, kadi ipo, eneo lipo, mnunuzi yupo.

Tatizo ni eneo. Sehemu kubwa ya ardhi yenye madini mazuri kuizunguka Kolwezi iko mikononi mwa makampuni makubwa yenye leseni, na maeneo yaliyotengwa kwa wachimbaji wadogo ni machache, mengine hayafai kwa mtu mwenye sururu na koleo. Kwa hiyo mchimbaji anaambiwa: jirasimishe, kisha uchimbe pale ambapo hakuna kitu. Akikataa, akirudi kule ambako mwamba una rangi anayoijua, anakuwa mvamizi. Waraka niliopewa ulikuwa na sentensi kumi na moja zenye neno formalisation. Nilizihesabu. Tisa kati ya hizo zilieleza wajibu wa mchimbaji: ajisajili, ajiunge, alipe, aonyeshe, avae. Mbili tu zilieleza atakachopewa, na zote mbili zilikuwa katika wakati ujao.

Rafiki yangu hakupenda nilipomwambia hivyo. Yeye ni mtu wa vitendo, amekwisha kuhudhuria mazishi ya vijana waliofukiwa na vifusi, na anaamini kwamba eneo lisilo na msimamizi ni kaburi. "Wewe unacheza na maneno," aliniambia, "mimi nataka mashimo yasiyozidi kina kilichowekwa, nataka watoto wasiwepo, nataka mizani isiyoiba." Ana haki. Simpingi mtu anayetaka mizani ya haki, na mtu asinisome kana kwamba nautetea uholela. Mchimbaji anayeuza kwa mlanguzi aliyekuja na mizani yake mwenyewe na kipimo chake mwenyewe cha ubora anaibiwa mchana kweupe, na hana wa kumshitakia. Nilichomjibu ni kwamba vitu hivyo vitatu alivyovitaja vina majina yake katika Kiswahili: usalama, ulinzi wa mtoto, mizani ya haki. Kwa nini waraka haukuvitaja hivyo, ukaja na neno moja ambalo ndani yake vyote vinaweza kuwemo au visiwemo?

Wafaransa wana maneno mengine ya jirani, na kuyapanga kulinisaidia kuona zaidi. Lipo officialiser: kutangaza hadharani jambo ambalo watu wa karibu walikwisha kulijua. Mwanasiasa huitangaza hivyo nia yake ya kugombea, na wachumba uhusiano wao. Neno hili halidai kwamba mapenzi yalianza siku ya tangazo. Lipo pia régulariser, kulitia katika kanuni jambo lililo nje yake, na hili Waafrika wengi walioko Ufaransa wanalijua kuliko wanavyoijua sala. Mwaka 1981, Mitterrand alipoingia madarakani, wageni wapatao 130,000 walipewa karatasi. Agosti 1996 polisi waliuvunja kwa shoka mlango wa kanisa la Saint-Bernard jijini Paris ili kuwatoa Waafrika wasio na karatasi waliojihifadhi humo, na mwaka uliofuata waraka wa Waziri Chevènement ukaleta karatasi kwa watu takriban 80,000. Walikuwa watu wale wale waliokuwa wakifagia ofisi na kubeba zege kabla ya karatasi.

Burundi walilitumia neno hilo hilo kwa ndoa. Mwaka 2017 Rais Nkurunziza aliagiza wanandoa wote waliokuwa wakiishi pamoja bila kufunga ndoa kisheria wawe wamefanya hivyo kabla ya mwisho wa mwaka. Mtu anaweza kusema kwamba cheti cha ndoa kinamlinda mwanamke na watoto anapofariki mume, na ni kweli. Lakini yatazame maisha ya mzee aliyeishi na mke wake miaka arobaini, mahari imetolewa, wajukuu wamezaliwa, akipangwa foleni ya komuni ili hatimaye aoe. Kwa Kiswahili tungesema amekwenda "kuhalalisha" ndoa. Maana yake basi ni kwamba hadi asubuhi ile walikuwa katika haramu. Lugha zetu hazina huruma katika mambo haya. Kifaransa angalau kilisema tu kwamba hawakuwa katika kanuni.

Nije nyumbani, maana hapa ndipo neno hili limenigusa mimi mwenyewe.

Mama yangu alinunua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam mwaka 1994. Palikuwa na mikorosho na njia ya miguu. Hati ya mauziano iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la shule, ikashuhudiwa na mjumbe wa nyumba kumi, majirani wawili, na mtoto mkubwa wa muuzaji, ambaye alitakiwa kuwepo ili siku moja asije akasema hakujua. Mipaka ilipandwa minyaa. Alipofariki baba, hakuna aliyekuja kudai. Walipogombana majirani juu ya njia ya maji, mzee aliyeshuhudia mauziano yale aliitwa, akaja na mkongojo wake, akaonyesha mnyaa ulipokuwa, na ugomvi ukaisha siku hiyo hiyo. Mfumo ule ulikuwa na mashahidi, maandishi, alama za mipaka, na baraza la kusuluhisha. Mtu akiniambia haukuwa na umbo, nitamwomba anieleze umbo ni nini.

Kisha ikaja siku ya urasimishaji wa mtaa. Mkutano uliitishwa, kamati ikachaguliwa, kampuni ya upimaji ikatambulishwa kwa makofi. Mama alichangia shilingi laki moja na nusu, akatoa hatua mbili za upande wa barabara bila kunung'unika kwa sababu aliona maana ya gari la wagonjwa kupita. Vijana walikuja na vyombo vyao, wakapima, wakachora, wakamwandika. Wakaondoka. Mwaka wa kwanza akaambiwa mchoro uko kwa wakubwa. Mwaka wa pili akaambiwa kampuni haipokei simu. Risiti anayo. Nilipokwenda naye ofisini, kijana aliyekuwa dirishani, mwenye adabu kabisa, aliipekua karatasi yake ya 1994 na kumwambia, "Mama, hii haitambuliki. Subiri urasimishwe." Mama yangu hana shahada, ila ana masikio. Aliniuliza tukiwa tunarudi kwenye daladala: "Kwani hadi sasa mimi nimekuwa nani pale?"

Nasisitiza kwamba kijana yule, kwa sheria za nchi hii, hakupaswa kuzungumza kwa uhakika kiasi kile. Mwaka 1994, mwaka ule ule mama aliponunua kiwanja, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali iliamua katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaja kusema kwamba haki hiyo ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Najua kwamba kiwanja cha mjini kilichonunuliwa si ardhi ya kimila ya kijijini, na wanasheria wenzangu chuoni watanikumbusha hivyo kabla ya jioni. Hoja yangu ni ya msingi kuliko hapo: sheria yetu, katika mojawapo ya siku zake njema, ilikubali kwamba haki inaweza kutangulia karatasi.

Waliotuletea Mkurabita walikuwa na mtazamo mwingine. Taasisi ya Hernando de Soto, Mperu aliyeandika juu ya siri ya mtaji mwaka 2000, ilipima hali ya Tanzania na kutueleza kwamba asilimia 98 ya biashara zetu zilikuwa nje ya mfumo wa kisheria, na kwamba mali ya watu iliyoko nje ya mfumo huo ilikuwa na thamani ya dola bilioni 29. Walituita matajiri tusiojijua: tupate hati, tuziweke rehani, benki zitufungulie milango. Niseme kwa haki kwamba de Soto mwenyewe alisisitiza kuwa kanuni za watu, zile za minyaa na mashahidi, zichunguzwe kwanza na ndizo zijengewe sheria juu yake. Sehemu hiyo ya hoja yake ndiyo iliyopotea njiani. Tulibakiwa na hati na rehani.

Asilimia 98 ni takwimu ya kutisha, na nadhani ilitisha upande usiostahili. Nchi ambayo asilimia 98 ya wafanyabiashara wake wako nje ya sheria haina wakosaji wengi kiasi hicho. Ina sheria ndogo mno.

Mfano wa karibu ni wamachinga. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa kwa wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni nne kwa mwaka. Wengi walivipokea kwa furaha ya kweli. Nilimwona kijana wa soksi na mikanda Kariakoo akikining'iniza shingoni kama mhitimu. Kwa maana ya officialiser, alikuwa ametangazwa kuwepo. Oktoba 2021 meza zikaondolewa pembezoni mwa barabara, na neno la serikali safari hii likawa "kupangwa". Ninazo sababu za kuunga mkono njia za waenda kwa miguu, na mwenye duka anayelipa pango naye ni raia. Lakini kitambulisho kile hakikuwa na mahali ndani yake. Kilisema wewe ni nani, hakikusema unaruhusiwa kusimama wapi, na kwa mchuuzi hilo la pili ndilo biashara.

Waandishi wa sheria za Kifaransa wamejaribu kuliepuka kosa hili. Mwaka 2010 nchi za OHADA, ambazo Kongo ilijiunga nazo mwaka 2012, ziliunda hadhi mpya ya entreprenant: mfanyabiashara mdogo anajitangaza tu kwa fomu, bila kulipa ada, na tangu hapo sheria inamjua. Jambo jema, na rahisi. Benin wakawa wa kwanza kulijaribu kwa vitendo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wachumi wakiwemo wa Benki ya Dunia uliwafuatilia wafanyabiashara wa Cotonou. Waliojisajili walikuwa wachache, waliongezeka pale tu walipopewa mafunzo na msaada zaidi ya karatasi, na kwa wastani hapakuonekana nyongeza ya mauzo wala faida. Watu wa Cotonou hawakuwa wamekosa ufahamu. Walipiga hesabu wakaona karatasi haiuzi kitambaa.

Ili nisionekane mtu wa kulalamika tu, nitaje pale ambapo urasimishaji umeenda vyema nchini mwetu, na ni kwa wachimbaji hao hao. Januari 2019 wachimbaji wadogo waliitwa Dar es Salaam kuzungumza na Rais, wakasema kinachowafanya wauze kwa magendo. Yakafuata mambo mawili: kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5 zikaondolewa kwao, na kuanzia Machi mwaka huo yakafunguliwa masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita. Mtu mwenye gramu tano za dhahabu akapata mahali penye mizani ya wazi na wanunuzi wengi chini ya paa moja. Hakuburutwa kwenye mfumo. Mfumo ulisogezwa alipo, na ukawa na faida kuliko kichaka. Juni 2020 Saniniu Laizer wa Mirerani alipoyauza mawe yake mawili ya tanzanaiti kwa serikali kwa shilingi bilioni 7.74, kila mchimbaji nchini alielewa leseni ni ya nini bila kuhudhuria semina. Nilimpelekea rafiki yangu wa Lubumbashi habari hizi kwa kirefu, na hapo tukakubaliana baada ya wiki mbili za ubishi.

Kuhusu tafsiri, tuliamua hivi. Kichwa cha waraka tulikiondolea neno urasimishaji. Pale Kifaransa kilipotumia formalisation kwa maana ya serikali kukubali kwamba watu hawa wapo na wana haki, tuliandika kutambua. Palipomaanisha kuandikwa majina, tuliandika kusajili. Penye kanuni za kina cha mashimo na umri wa mchimbaji, tuliandika kanuni zenyewe. Penye malipo, tuliandika malipo, na kiasi chake. Kurasa sita zikawa tisa. Sehemu mbili zilibaki ambazo hatukuweza kujua neno lilimaanisha nini, tukawaandikia waliotunga waraka tukiwauliza. Wamejibu moja.

Rafiki yangu ameniarifu kwamba katika kikao cha kwanza swali lililoulizwa na wengi lilihusu kutambua: watatambuliwa na eneo lao, au wao peke yao? Amelipeleka swali hilo ofisini kwa Kifaransa. Nilimuuliza amelitafsirije, akasema hakupata neno moja, imebidi aandike aya nzima.

Karatasi ya mama ya mwaka 1994 nimeitia ndani ya plastiki, kwa sababu mikunjo ilikuwa imeanza kuikata katikati, pale ilipo saini ya mjumbe. Wiki ijayo tunarudi dirishani.